Kasi ya chini na kipenyo cha chini: kiwango kikijipinga, ufuate kipi?

SWALI

Shikamoo mhandisi. Nimemaliza kusanifu mtandao wa kusambaza maji wa mji mdogo wenye watu wapatao 12,000. Maji yanashuka yenyewe kutoka kwenye tenki lililo mlimani, na mabomba ni ya plastiki, poliethilini. Mkaguzi amenirudishia michoro ikiwa imejaa wino mwekundu. Kwanza, anasema kila mtaa wenye haidranti za zimamoto uwe na bomba lisilopungua milimita 100, wakati mimi niliweka la 63 na hesabu ikakubali. Pili, anataka kasi ya maji isipungue mita 0.6 kwa sekunde. Nilipoongeza kipenyo, kasi ikaanguka hadi 0.13, kwa hiyo nikitimiza sharti moja navunja lingine. Tatu, anataka niunganishe ncha za mabomba ziwe pete na niongeze valvu, na hapo gharama inapanda. Nifuate kipi, na nimjibuje?

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Kwenye mitaa yenye haidranti fuata kipenyo, na ile kasi ya 0.6 iweke kando. Mkaguzi wako yuko sahihi kuhusu milimita 100, na yuko sahihi kuhusu pete na valvu. Sharti la kasi ndilo alilolipeleka mahali pasipo pake, na unaweza kumwonyesha hivyo kwa hesabu bila kugombana naye.

Tatizo lilianza pale ulipoupima mtandao wako kwa saa moja tu, ile ya asubuhi ambayo kila nyumba imefungua koki. Hesabu ikakubali, ukaona kazi imekwisha. Lakini mtandao wa maji wa mji una saa nyingine zinazoubana zaidi ya hiyo. Kuna saa ya moto. Kuna saa ambayo bomba kuu limepasuka na mafundi wamo mtaroni. Kuna saa nane ya usiku, mji umelala, koki zote zimefungwa na presha imepanda hadi ukomo wake. Kila namba iliyomo kwenye kitabu cha viwango iliwekwa kwa ajili ya saa mojawapo kati ya hizo. Kwa hiyo namba mbili zikigongana, uliza kila moja ni ya saa ipi, kisha uliza ni saa ipi inayolibana bomba unaloliangalia.

Tuchukue mtaa mmoja tuufanyie hesabu. Tuseme una urefu wa mita 300, nyumba 60, watu watano kila nyumba, na kila mtu anatumia lita 120 kwa siku. Hiyo ni lita 36,000 kwa siku, wastani wa lita 0.42 kwa sekunde. Zidisha kwa 1.3 kwa ajili ya siku ya matumizi makubwa, kisha kwa 2 kwa ajili ya saa ya matumizi makubwa ndani ya siku hiyo, unapata karibu lita 1.08 kwa sekunde. Bomba lako la 63 la SDR 11 (SDR ni kipenyo cha nje kikigawanywa kwa unene wa ukuta, hivyo namba ikiwa kubwa ukuta ni mwembamba) lina tundu, yaani njia ya ndani ya maji, la milimita 51.4. Maji yatapita humo kwa kasi ya mita 0.52 kwa sekunde, na hata tukichukulia kwamba yote yanatumika mwisho wa mtaa, msuguano utakula kama mita 2 tu za presha, yaani presha tukiipima kwa kimo cha maji. (Nimetumia kanuni ya Hazen-Williams ya kukadiria msuguano bombani, mgawo 140.) Kwa saa ya asubuhi, kweli, bomba lako linatosha.

Sasa nyumba ya mwisho inashika moto. Tuseme kiwango chako kinataka haidranti itoe lita 15 kwa sekunde. Kwenye tundu lile lile la milimita 51.4, kasi ingelazimika kufika mita 7.2 kwa sekunde, na msuguano katika hizo mita 300 ungedai mita 269 za presha. Tenki la mji haliwezi kutoa presha hiyo. Haidranti iliyofungwa kwenye bomba la namna hiyo haitazima moto wowote. Zaidi ya hapo, gari la zimamoto likiyavuta maji kwa pampu yake, presha ya mtaa mzima inaweza kushuka chini ya sifuri, na maji machafu yaliyo ardhini yakaanza kuingia bombani kupitia kila kiungo kinachovuja. Madhara ya saa moja ya moto yanahamia kwenye vikombe vya watu kesho yake.

Hapo ndipo sharti la kipenyo linapotoka. Viwango vya Urusi vinaanzia milimita 100 kwa bomba la mjini linalolisha haidranti, na vya China vinaikubali 100 kwa miji midogo yenye mtandao wa pete. Vile vinavyofuatwa na majimbo ya eneo la Maziwa Makuu ya Marekani vinaanzia inchi 6, yaani milimita 150. Mahitaji ya watu wa mtaa huo hayakuhusika kabisa katika kuchagua namba hizo. Hata mtaa ungekuwa na nyumba tatu, moto wake unahitaji maji yale yale.

Kabla hujakimbilia kubadilisha 63 kuwa 110, simama hapa kidogo, maana ndipo wengi wanapoteleza. Bomba la poliethilini huitwa kwa kipenyo chake cha nje. Kiwango kinaposema 100 kinakusudia tundu, njia yenyewe ya maji. Bomba la 110 la SDR 11 lina ukuta wa milimita 10, kwa hiyo tundu lake ni milimita 90. Lile la 110 la SDR 17 lina ukuta wa 6.6, tundu 96.8. Ukitaka tundu linalovuka 100 kwa SDR 11, lazima uende kwenye 125, lenye tundu la 102.2.

Tofauti hiyo unaweza kuiona ndogo, basi ipitishe kwenye mtaa wetu. Tuseme presha mwanzoni mwa mtaa wakati wa moto ni mita 25, na kiwango kinataka haidranti ibakiwe na mita 10, kama wanavyotaka Wachina na Warusi. Lita 15 kwa sekunde zikipita kwenye 110 ya SDR 11, msuguano unakula mita 17.6, kwenye haidranti zinabaki 7.4, umeshindwa. Kwenye 110 ya SDR 17 unakula 12.3, zinabaki 12.7, umepita. Kwenye 125 ya SDR 11 unakula 9.5, zinabaki 15.5, umepita vizuri. Mabomba mawili yanayoitwa jina moja dukani, 110, moja linaokoa nyumba na jingine haliokoi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kwenye faili la kompyuta uandike tundu la ndani, wala usiandike namba iliyochapwa ubavuni mwa bomba. Michoro mingi inayonifikia ina kosa hili, na huwa halionekani kwa sababu programu inatoa majibu yanayopendeza. Hesabu yako mwenyewe ijumlishe pia maji ya nyumba. Hapa nimeyaacha ili namba zisomeke kwa urahisi.

Utaniambia basi tuchukue ile ya SDR 17, ni nyembamba, ni rahisi, na imepita. Subiri tufike saa nane ya usiku.

Kwanza tumalize habari ya pete, kwa kuwa inahusu hesabu hii hii. Maji yakiifikia haidranti kutoka pande mbili zilizo sawa kwa urefu na kwa kipenyo, kila upande unabeba nusu. Kwa kanuni ya Hazen-Williams, msuguano hupungua haraka kuliko maji: nusu ya maji hudai asilimia 28 tu ya presha iliyokuwa ikipotea. Ile 110 ya SDR 11 iliyoshindwa kwa kupoteza mita 17.6 sasa inapoteza mita 4.9 na kubakiza zaidi ya mita 20. Kipande kifupi cha bomba cha kuunganisha ncha mbili za mitaa jirani kinaweza kukuokolea gharama ya kupanua kilomita nzima za mabomba. Ulimwona mkaguzi kama mtu wa kuongeza gharama. Piga hesabu za njia zote mbili na nadhani utakuta pete ndiyo inayokuokolea fedha. Hakikisha tu kwamba njia ya pili ipo kweli. Pete ambayo pande zake zote mbili zinategemea bomba moja jembamba nyuma yake ni pete kwenye mchoro tu.

Sasa kasi. Mtaa wetu ukiwa na bomba la tundu la 102, lita 1.08 zinapita kwa mita 0.13 kwa sekunde, namba ile ile uliyoipata wewe. Ili kufikisha 0.6 kwenye tundu hilo ungehitaji karibu lita 5 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara nne ya maji yanayotumiwa mtaani. Hakuna usanifu utakaoleta wateja ambao hawapo.

Sharti la kasi ya chini lina sababu mbili za maana. Ya kwanza ni fedha: kwenye bomba refu la kusafirisha maji, kasi ndogo mno inaonyesha kwamba umenunua bomba kubwa kuliko kazi yake. Ya pili ni tope: maji ghafi, au maji yenye chembe, yakienda polepole yanaziacha chembe hizo chini. Kwa bomba kutoka chanzo hadi mtambo, na kutoka mtambo hadi tenki, ambako maji hupita kwa wingi ule ule siku nzima, sharti hilo linabana kweli nami ningelitetea. Kiwango cha Ulaya cha mifumo ya maji iliyo nje ya majengo, EN 805, kinazungumzia kasi kati ya mita 0.5 na 2 kwa sekunde kama masafa yanayofaa, kwa lugha ya ushauri. Kwenye mabomba ya mitaani, ambayo mtiririko wake unapanda na kushuka kutwa, hakuna namna ya kulifanya liwe amri ilhali umeshaamuru kipenyo cha chini kwa ajili ya moto.

Wapo waliochagua upande wa pili, na inafaa uwajue. Uholanzi, mitandao mingi ya mitaani sasa husanifiwa ili ijisafishe yenyewe: mabomba membamba, yenye matawi yasiyo na pete, ambayo kipenyo chake hupungua kadiri nyumba zinavyopungua kuelekea mwisho, ili angalau mara moja kwa siku maji yapite kwa mita 0.4 kwa sekunde na kuondoa chembe. Maji yao husambazwa bila klorini, hivyo usafi wa bomba ni suala la kufa na kupona. Lakini hawakufika hapo kwa kupunguza kipenyo kimyakimya. Walikaa na vikosi vya zimamoto wakakubaliana kwamba mtandao wa mtaani utatoa maji machache zaidi kwa moto, na mengine yatapatikana kwa njia nyingine. Hicho ndicho kilichokosekana kwenye michoro yako. Uliweka haidranti, ukaweka na bomba lisiloweza kuilisha. Ukitaka bomba la 63 kwenye mtaa fulani, ondoa haidranti hapo, hakikisha nyumba zote bado ziko ndani ya umbali unaofikiwa na mipira kutoka haidranti ya mtaa wa jirani, na upate kibali cha zimamoto kwa maandishi. Vichochoro vifupi vya mji wako huenda vinakubali hilo kabisa, na hapo mkaguzi hana sababu ya kukudai 100.

Wasiwasi unaobaki ni maji kulala bombani. Watu wengi wanautaja bila kuupima. Tuupime. Mita 300 za tundu la 102 zinabeba kama lita 2,460. Mtaa unatumia lita 36,000 kwa siku. Maji ya bomba zima yanabadilika kila baada ya saa moja na dakika 40 hivi. Hata kipande cha mwisho, tuseme mita 80 zinazolisha nyumba nne, kinabeba lita 656 huku nyumba hizo zikitumia 2,400 kwa siku. Maji yanakaa chini ya saa saba. Klorini haitoweki kwa muda huo kwenye bomba safi la plastiki.

Mahali maji yanapolala kweli ni pengine. Kwanza ni tenki kubwa kupita kiasi, au tenki ambalo bomba la kuingizia na la kutolea yako upande mmoja, hivyo upande wa pili haugeuki. Pili ni mabomba yaliyotandikwa mapema kusubiri viwanja visivyojengwa. Chukua bomba la 160 la SDR 17, tundu milimita 141, urefu kilomita moja na nusu, linaloelekea eneo jipya lenye nyumba tano tu kwa sasa. Ndani yake mna lita 23,400, nyumba zinatumia 3,000 kwa siku. Maji yanayofika kwenye koki ya kwanza yana siku nane. Hapo ndipo mwananchi anapofungua koki akapata harufu, na hapo ndipo kipimo cha klorini kinaposhuka chini ya miligramu 0.2 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linataka ibaki hadi maji yanapomfikia mtumiaji. Ningekushauri utumie nguvu yako kwenye tenki na kwenye awamu za ujenzi, wala usihangaike na ile 0.13.

Kwa bomba linaloishia njiani bila kuungana na lingine, weka haidranti au koki ya kusafishia kwenye ncha yake. Kusafisha kwa mita 1.5 kwa sekunde kwenye tundu la 102 kunahitaji kama lita 12 kwa sekunde, na haidranti yako ya lita 15 inaweza kutoa hizo. Kwa hiyo bomba ulilolipanua kwa ajili ya moto linajisafisha kwa njia hiyo hiyo, mradi kuwe na ratiba na mtu wa kuitekeleza. Liandike hilo kwenye maelezo ya michoro.

Tufike saa nane ya usiku. Koki zimefungwa, maji hayatembei, msuguano hakuna, na presha ya kila mahali ni tofauti tu kati ya kimo cha maji ya tenki na kimo cha ardhi. Tuseme maji ya tenki yako kwenye kimo cha mita 1,260, mtaa wa juu uko 1,235 na mtaa wa chini 1,170. Wa juu unapata mita 25 tu hata maji yakiwa yametulia, na saa ya asubuhi zitapungua. Wa chini unapata mita 90. Sasa irudie ile 110 ya SDR 17 uliyoitaka kwa wembamba wake. Ikiwa ni ya poliethilini ya daraja la PE 100, ni bomba la kubeba presha ya baa 10, karibu mita 102 za maji. Lakini baa hizo 10 zimepimwa kwa nyuzi 20 za selsiasi. Maji na udongo vikiwa na nyuzi 30, uwezo wake unazidishwa kwa 0.87, unabaki baa 8.7, yaani mita 88 na kitu. Umeshapitwa na mita 90 kabla hata valvu moja haijafungwa kwa ghafla. Kwa nyuzi 40 unazidisha kwa 0.74. Bomba lililopita mtihani wa moto linaanguka mtihani wa usiku.

Njia ni mbili: uweke bomba la ukuta mnene huko chini, au ugawe mji katika kanda mbili za presha kwa valvu ya kupunguza presha. Mimi ningechagua kanda, bila kusita. Maji yanayovuja hutegemea presha, na kwa mtandao uliochanganya mabomba ya aina nyingi, ukipunguza presha kwa nusu, uvujaji hupungua kwa karibu nusu pia. Mita 90 zikishushwa hadi 45, unapunguza maji yanayopotea kila usiku na unapunguza idadi ya mabomba yanayopasuka. Viwango vya Urusi vinaweka ukomo wa mita 60 kwa mteja. Ila kanda ina sharti lake: haidranti za kanda ya chini zipitishwe tena kwenye hesabu ya moto valvu ikiwa imeshusha presha, na valvu yenyewe iwe na njia ya pembeni ya kutumia wakati wa matengenezo.

Kama siku moja utaongeza pampu, hesabu nyingine inaingia, ya umeme kukatika ghafla. Mwanasayansi Mrusi Nikolai Zhukovsky aliifanyia kazi kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa karne ya 19: kwenye bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde ya kasi inayosimamishwa ghafla inaongeza takriban mita 100 za presha. Poliethilini ni laini zaidi na pigo lake ni dogo, lakini halipuuzwi. Kwa mfumo wako wa kuteremka, kinachotakiwa ni valvu zinazofungwa polepole.

Kuhusu valvu, mkaguzi anafikiria siku ya kupasuka. China na Urusi zinakubaliana kwamba kipande kimoja kikifungwa kwa matengenezo kisizime haidranti zaidi ya tano, na kwamba bomba kuu moja likikatika, mji bado upate asilimia 70 ya maji yake. Unapochora makutano ya mabomba matatu, weka valvu mbili kwa uchache, tatu kama pana bomba kuu. Kisha fanya zoezi hili: chukua mchoro, chagua bomba lolote, ujifanye limepasuka, na uzungushie kalamu nyumba zote zitakazokosa maji. Ukikuta umezungushia robo ya mji, umeshajua valvu inayokosekana iko wapi. Valvu za hewa ziende kwenye vilele na matoleo ya tope kwenye mabonde. Hilo nadhani unalifahamu.

Kuna jambo moja hukulisema, nami lazima niliseme. Hesabu zote hizi zinadhani maji yanatoka saa 24. Mji ukiwa na mgao, kila nyumba ina tenki lake, na maji yakifunguliwa wote wanajaza kwa pamoja. Ile 1.3 mara 2 inapoteza maana, mtaa wa chini unajaza kwanza na wa juu unasubiri, na mabomba yakikaa matupu yananyonya uchafu. Ukijua tangu sasa kwamba chanzo hakitoshi, waambie wenye mradi wazi, kwa sababu kipenyo hakiwezi kufidia maji yasiyokuwepo.

Na uwe mwangalifu na namba za kunakili. Nimekutajia viwango vya nchi kadhaa ili uone sababu zake, lakini kinachokufunga ni kile cha mamlaka unayoisanifia. Kiwango cha Urusi kinataka bomba lifukiwe nusu mita chini zaidi ya kina kinachofikiwa na barafu ya ardhini. Nimewahi kuona mitaro ya kina hicho ikipendekezwa mahali ambapo ardhi haigandi kamwe. Palipo na joto, kinachoamua kina ni uzito wa magari na joto la jua, na kina cha karibu mita moja barabarani mara nyingi kinatosha. Umbali kutoka bomba la majitaka, kwa upande mwingine, usiupunguze popote: yale majimbo ya Maziwa Makuu yanataka mita 3 kwa mlalo, na yanapokatana, sentimita 45 kwa wima. Tuliona jinsi uchafu unavyoingia presha ikishuka, na sharti hilo ndilo ulinzi wa mwisho.

Majaribio ya mwisho yapitie haraka kwenye maelezo yako. Kwa EN 805, pigo la presha likiwa halikuhesabiwa, presha ya majaribio ni mara 1.5 ya presha ya juu ya usanifu au presha hiyo kuongeza baa 5, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kwa kuua vijidudu, njia inayotumika sana Marekani ni kujaza bomba maji yenye klorini miligramu 25 kwa lita, kuyaacha saa 24, na kukuta angalau miligramu 10 zimebaki. Kisha yatolewe na sampuli ipelekwe maabara. Maji hayo usiyamwage mtoni kabla hujaiondoa klorini.

Jibu lako kwa mkaguzi liwe hivi. Kubali milimita 100 kwenye mitaa yenye haidranti, na taja kwamba ni tundu la ndani, kwa bomba la 125 SDR 11, au 110 SDR 11 pale ambapo pete imethibitika na yeye ameridhia kwa maandishi. Orodhesha vichochoro unavyoomba vibaki na 63, ukiambatisha barua ya zimamoto. Ambatisha matokeo ya EPANET, ambayo ni programu ya bure ya kupiga hesabu za mitandao ya maji, kwa hali nne: saa ya matumizi makubwa, moto kwenye haidranti iliyo mbaya zaidi ukijumlisha matumizi ya nyumba, bomba kuu likiwa limefungwa, na usiku. Kwenye sharti la kasi, mpe jedwali la muda ambao maji yanakaa katika kila bomba lenye kasi chini ya 0.6, pamoja na ratiba ya kusafisha ncha, na uombe sharti hilo libaki kwa bomba la kutoka chanzo hadi tenki. Akikataa, mwombe aonyeshe kwenye mtaa wowote wa mji huo bomba la tundu la 100 lililotimiza 0.6 kwa matumizi ya nyumba peke yake, kisha muipitie hesabu hiyo pamoja mezani kwake.